Sanduku la Gitaa: Kazi ya Randa, Moto na Sikio

Hakuna mji mkubwa katika Afrika ya Mashariki ambao watu wake hawaijui sauti ya gitaa. Husikika harusini, hotelini, kanisani na katika redio, na vijana wengi wanajua namna ya kulishika na kulipiga. Lakini ukiwauliza wapigaji wenyewe sauti hiyo inatoka wapi, wengi watakuonyesha nyuzi. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu tu ya ukweli. Uzi uliovutwa baina ya misumari miwili ukutani, ukiguswa kwa kidole, hulia kwa unyonge kama mbu, wala hausikiki vema na mtu aliye upande wa pili wa chumba. Kinachougeuza mlio huo mdogo kuwa sauti ya kujaza nyumba ni sanduku la mbao lililo nyuma ya nyuzi. Basi kuunda gitaa, kwa hakika, ni kuunda sanduku. Na sanduku hilo si kama la nguo wala la fedha, kwa maana ubao wake ni mwembamba kuliko kidole cha mtoto mchanga, na hata hivyo hutakiwa kustahimili mvuto mkubwa mchana na usiku kwa miaka mingi.

Mtu aliyelionyesha jambo hili waziwazi kuliko wengine alikuwa seremala wa Hispania, Antonio de Torres Jurado. Alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería, kusini mwa nchi hiyo, akatiwa katika kazi ya useremala angali mtoto wa miaka 12. Baadaye alihamia mji wa Sevilla, na huko ndiko alikojulikana kwa kuunda magitaa. Katika maonyesho yaliyofanywa mjini humo mwaka 1858 alipewa nishani ya shaba. Mwaka 1862 Torres alifanya jambo ambalo mafundi wenzake wangaliweza kulicheka. Aliunda gitaa ambalo uso wake ulikuwa wa mbao nzuri kama ilivyo desturi, lakini mgongo na mbavu zake alizifanya kwa karatasi ngumu, ya namna ile ya kutengenezea maboksi. Gitaa hilo lililia, tena lililia vema. Lingalipo hata leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona, ijapokuwa halipigwi tena kwa sababu ya uzee. Kwa kazi hiyo moja Torres aliwajibu wote waliodhani kwamba uzuri wa sauti unatokana na mbao za thamani za mgongoni. Uso ndio unaosema. Sehemu nyingine ni wasaidizi wake.

Haifai, hata hivyo, kufikiri kwamba wasaidizi hao hawana kazi. Mgongo na mbavu huushika uso mahali pake na kuifunga hewa iliyo ndani. Kila aliyewahi kupuliza juu ya mdomo wa kibuyu kitupu ameusikia mvumo wake. Hewa ya ndani ya gitaa nayo huvuma vivyo hivyo kupitia tundu la usoni, na mvumo huo ndio unaozipa nguvu sauti nene. Fundi akibadili ukubwa wa sanduku, au upana wa tundu, amebadili mvumo.

KUCHAGUA NA KUUNGA UBAO WA USO

Mafundi wa Hispania huutumia zaidi mti wa sprusi, ambao ni jamaa ya misonobari, umeao katika milima ya baridi ya Ulaya. Mahali pa baridi mti hukua polepole, na mistari yake ya kila mwaka hukaribiana sana. Mbao yake ni nyepesi, na papo hapo ni ngumu kukunjika, na hizi ndizo sifa mbili zinazotafutwa: uso mzito hautikisiki upesi, na uso mlegevu hushindwa na nyuzi. Wengine hutumia mwerezi mwekundu wa Marekani, ambao sauti yake huonekana kuwa laini zaidi tangu siku ya kwanza.

Gogo zuri halianzi kukatwa kwa msumeno, bali hupasuliwa kwa kabari, kusudi ufa ufuate nyuzi za mti wenyewe. Msumeno hauna adabu. Hupita popote unapoelekezwa, na ukizikata nyuzi za mti kwa mshazari, ubao unapoteza nguvu yake. Baada ya kupasuliwa, kipande huchanwa mbao mbili nyembamba zilizokuwa zimelaliana, nazo hufunguliwa mfano wa kitabu, hata mistari ya upande wa kulia ikafanana na ya kushoto. Hapo ndipo kingo zake mbili zinapounganishwa katikati.

Kuunga huku ni mtihani wa kwanza. Fundi huzipiga randa kingo zote mbili pamoja, kisha huzisimamisha moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Ikiwa mwanga unapenya mahali popote, hata kwa upana wa unywele, huzirudisha mezani akaanza tena. Haifai kutumainia kwamba gundi itaziba nafasi, kwa sababu gundi huunga mbao zilizogusana. Ikijazwa katika pengo itakauka, itanywea na kuachia. Mwanga ukiisha kabisa, mbao hupakwa gundi na kulazwa juu ya ubao bapa, zikazungushiwa kamba pande zote, na kabari kutiwa chini ya kamba ili zibanane. Njia hii ya kamba na kabari ni ya kale sana, na haihitaji hata kibano kimoja cha chuma. Seremala wa kijijini aliyewahi kutengeneza mlango ana karibu vyombo vyote vinavyotakiwa hapo: randa yenye makali, msumeno mwembamba, patasi, kamba, na ubao usiopinda.

Gundi yenyewe, katika kazi ya jadi, hutokana na ngozi za wanyama. Huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, wala haiachwi ichemke, kwa kuwa ikichemka hupoteza nguvu. Watu wengine huidharau kwa sababu huachia ikipata joto na maji. Lakini huo ndio wema wake. Gitaa likivunjika baada ya miaka 50, fundi mwingine ataweza kulifungua bila kuvunja mbao, alitengeneze na kulifunga tena.

UNENE WA UBAO NA FITO ZA NDANI

Ubao ukisha kuunganishwa, hupunguzwa kwa randa na kikwaruzo hata ubaki na unene wa milimita mbili na nusu hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Hapa ndipo kazi inapokuwa na hatari. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Nyuzi za chuma huvuta kilo 70 au zaidi, na mkulima atafahamu upesi maana yake, kwa kuwa gunia la mahindi lina kilo 90. Mvuto huo wote hushikwa na kibao kidogo cha daraja kilichogundishwa juu ya uso. Ubao ukiwa mwembamba mno, utabonyea mbele ya daraja na kuvimba nyuma yake, na katika muda wa miezi michache gitaa halitapigika. Ukiwa mnene mno, halitaharibika kamwe, lakini litalia kama meza. Kati ya hasara hizo mbili pana nafasi ndogo, kama unene wa karatasi chache tu.

Tena vipimo peke yake havitoshi, maana hakuna miti miwili iliyo sawa. Mbao mbili zilizokatwa katika gogo moja huweza kutofautiana kwa uzito na ukakamavu. Kwa hiyo fundi huushika ubao kwa mikono miwili na kuupinda kidogo huku na huko. Kisha huuning'iniza kwa vidole viwili na kuugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ubao mnene hutoa mlio mfupi wa juu. Kadiri unavyopunguzwa, mlio hushuka na kurefuka, hata ukafika mahali ambapo mkono na sikio hukubaliana kwamba yatosha. Randa moja zaidi, na ubao uliogharimu siku nyingi umekuwa kuni.

Inasimuliwa kwamba Torres, katika uzee wake, aliulizwa na watu aliokuwa nao mezani awafunulie siri yake kabla hajafa. Akajibu kwamba hata angetaka asingaliweza, kwa maana siri hiyo imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, ambazo humwambia kama ubao umekuwa tayari. Walioipokea habari hii huenda walidhani kwamba mzee anawaficha. Lakini kila mama anayejua kwa kushika tu kwamba unga wa chapati umekandika hana budi kumwelewa.

Upande wa ndani wa uso hugundishwa fito nyembamba za mti ule ule. Torres alizipanga saba, zimetawanyika kutoka karibu na tundu kuelekea chini, mfano wa vidole vya mkono uliofunguliwa au upepeo. Hakuwa wa kwanza. Mafundi wa Hispania walitumia mpango wa namna hiyo kabla yake. Alilofanya yeye ni kulikuza sanduku, kuufanya uso wake mwembamba na wenye mgongo kidogo mfano wa kifuniko cha saa, na kuziachia fito hizo kazi ya kuupa nguvu. Urefu wa nyuzi wa milimita 650 alioupendelea ndio ambao mafundi wengi wa magitaa ya namna hiyo wanaufuata hata sasa.

Magitaa ya nyuzi za chuma yana mpango mwingine. Katika Marekani, mafundi wa nyumba ya C. F. Martin, Mjerumani aliyehamia New York mwaka 1833, walizoea kuzipanga fito kubwa mbili zikapishana mfano wa herufi X chini ya uso. Mpango huo ulionekana baadaye kufaa sana kwa nyuzi za chuma, na magitaa mengi ya chuma yanayopigwa katika Afrika ya Mashariki yameufuata. Mtu anayetia nyuzi za chuma katika gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni hulivunja yeye mwenyewe, na haifai kumlaumu aliyeliuza.

MBAVU HUKUNJWA KWA MOTO

Mbavu ni mbao mbili ndefu, unene wake milimita mbili hivi, nazo ndizo zinazolipa gitaa kiuno chake. Kuzikunja ni kazi inayovuta watazamaji. Bomba la chuma hutiwa makaa au moto mwingine ndani yake, hata tone la maji likidondoshewa linarukaruka na kutoweka. Fundi huulowesha ubao, huuweka juu ya bomba, na kuusukuma taratibu kwa mikono miwili. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu, kwa ghafula, hulegea mikononi kama ngozi iliyolowekwa, kwa sababu joto limelainisha kile kitu cha asili kinachogandisha nyuzi za mti pamoja. Wakati huo ndio wa kukunja. Anayefanya haraka kabla mti haujalegea atausikia ukilia na kuvunjika, anayechelewa atauunguza. Kisha ubavu huwekwa katika kalibu yenye umbo la gitaa ili upoe humo, na ukisha kupoa haurudi tena kuwa mnyoofu.

Miti ya mbavu na mgongo ni ya namna nyingi, na hapa Afrika ya Mashariki imo ndani ya habari. Kwa muda mrefu mafundi walipendelea miti ya jamii ya rozi kutoka Brazili na India. Mti wa Brazili ulipungua sana, na tangu mwaka 1992 biashara yake baina ya mataifa imezuiwa kwa mapatano ya kimataifa. Ndipo wengine walipoukumbuka mpingo, ambao kwa wenyeji si mgeni hata kidogo: ndio mti wa vinyago vya Wakamba na Wamakonde, na huko Ulaya hutengenezewa zumari za klarineti. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ubao wake ukigongwa hulia kama kengele. Shida yake ni kwamba hukua polepole sana, na shina lake mara nyingi limepinda na kuwa na mashimo, hata kupata ubao mpana wa mgongo ni bahati. Ndiyo maana migongo mingine ya mpingo huungwa kwa vipande vitatu au vinne. Katika mwaka 2009 vijiji vya wilaya ya Kilwa, Tanzania, vilipata cheti cha kimataifa cha kutunza misitu yao wenyewe, ambamo mpingo huvunwa kwa kipimo. Tangu mwaka 2017 mpingo na jamii yake yote umewekwa chini ya mapatano yale yale, na asafirishaye magogo au mbao zake nje ya nchi hana budi kuwa na hati. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa viliondolewa katika sharti hilo mwaka 2019.

Lakini asiyekuwa na mpingo asikate tamaa. Magitaa ya Hispania ya kupigia ngoma za flamenko yaliundwa kwa mbao za saiprasi, kwa kuwa zilikuwa za bei nafuu na zilipatikana karibu. Nao jamaa wa saiprasi umepandwa tele katika nyanda za juu za Kenya, wala hakuna seremala wa huko asiyeujua kwa harufu yake. Ubao wake mkavu, usio na vifundo, waweza kukunjwa na kuwa mbavu. Mwenye kukumbuka lile gitaa la karatasi la mwaka 1862 hatakuwa na shaka.

ADUI ASIYEONEKANA

Neno hilo, "mkavu", lina uzito kuliko fundi mwanafunzi anavyodhani. Mti ni kitu kinachonywa. Hewa ikiwa na unyevu huvimba, na hewa ikikauka hunywea. Tena hauvimbi kwa urefu ila kwa upana wake. Uso wa gitaa umeshikwa na mbavu pande zote na kufungwa fito za kukingama upande wa ndani. Ikiwa uliundwa Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa imelowa, kisha ukapelekwa mahali pakavu kama Nakuru au Nanyuki mwezi wa Februari, utataka kunywea na hautaachiwa nafasi. Lazima upasuke. Mafundi wenye hekima huzihifadhi mbao zao miaka kadhaa, na siku ya kugundisha huchagua hewa isiyo na unyevu mwingi. Gitaa lililoundwa katika hewa kavu likivimba kidogo baadaye si hatari kubwa. Lililoundwa katika hewa nyevu likikauka, limekwisha.

Viwanda vilitafuta njia nyingine ya kumshinda adui huyu. Magitaa ya Gallotone, yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa kwa bei nafuu, yaliundwa kwa mbao za tabaka zilizogundishwa kwa kupishana, na ndani yake palikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba halitapasuka. Kijana mmoja wa Liverpool, John Lennon, alikuwa na gitaa la namna hiyo mwaka 1957, kabla jina lake halijajulikana duniani. Mbao za tabaka hazipasuki kwa urahisi, ni kweli, lakini hazitikisiki kwa wepesi kama ubao mmoja mzima. Mpigaji wa barabarani, anayebeba gitaa mvuani na juani, huenda akapendelea usalama. Wala vidole vizuri havingoji mbao nzuri: Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville katika Kongo mwaka 1952, aliwafanya wapigaji wa Nairobi na Mombasa kuyasikiliza magitaa yao upya.

KULIFUNGA

Katika desturi ya Hispania, gitaa huundwa likiwa limelala kifudifudi juu ya ubao wa kazi uliochimbwa kidogo katikati, ili uso upate ule mgongo wake. Shingo hugundishwa kwanza, na mbavu huingizwa katika mifuo iliyokatwa kwenye kisigino cha shingo hiyo. Baada ya hapo fundi hupanga vipande vidogo vya mti, kimoja kimoja, pembeni mwote mahali ubavu unapokutana na uso. Ni vipande vingi sana, kila kimoja hupakwa gundi na kushikiliwa kwa kidole mpaka kishike. Kazi hii haina sifa, kwa sababu hakuna atakayeviona isipokuwa atakayelivunja gitaa.

Mwisho hufunikwa mgongo. Kabla hajaufunika, fundi huchungulia ndani kwa mara ya mwisho, hupuliza vumbi la randa, na kupitisha kidole juu ya kila ufito kuona kama upo ulioachia. Mgongo ukisha kugundishwa na kukazwa kwa kamba, mkono hautaingia tena ila kwa shida kupitia tunduni, na ufito ulioachia utavuma kila uzi fulani unapopigwa, maisha yote ya gitaa. Kingo huchongwa na kutiwa utepe wa mti mgumu, ambao hukinga mbao zisichomoke na kuzuia unyevu usiingie. Vanishi bora ni ile ya shelaki, inayotokana na wadudu wa India, ikiyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa tabaka nyembamba nyingi. Vanishi nene ya samani huuziba mdomo uso ambao fundi aliuhangaikia.

Kazi hiyo yote haikumtajirisha Torres. Katika mwaka 1869 kijana Francisco Tárrega, ambaye baadaye alikuwa mpigaji mashuhuri, alifika Sevilla kununua gitaa. Inasemwa kwamba fundi alimletea la kawaida, lakini alipomsikia akipiga aliingia ndani akaleta lile aliloliunda mwaka 1864 na kujiwekea mwenyewe. Muda mfupi baadaye Torres aliiacha kazi, akarudi Almería kufungua duka la vyombo vya udongo. Kunako mwaka 1875 alianza tena kuunda magitaa, akaendelea nayo hata alipofariki mwaka 1892.

Sanduku lililokwisha kufungwa hutundikwa mahali penye kivuli majuma kadhaa kabla ya kugundishwa daraja. Siku nyuzi zinapotiwa, hazikazwi zote mara moja mpaka mwisho, bali kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, huku fundi akiweka rula juu ya uso kutazama umeinuka kiasi gani. Gitaa jipya kwanza hulia kwa kubana, kama mtu asiyewazoea wenyeji wake. Likipigwa kila siku kwa majuma machache, sauti hufunguka, na nyuzi zake huhitaji kukazwa tena kila asubuhi mpaka mti ukubali mzigo wake.